Soma, Baba Mdogo Asikie

Dada: Haloo? Baba mdogo, shikamoo.

Fundi: Siyo yeye. Ni mimi.

Dada: Nani? Sema kwa nguvu, niko ofisi ya walimu, watoto wametoka mapumziko—

Fundi: Mdogo wako.

Dada: We Fundi! Mbona unatumia simu ya baba mdogo?

Fundi: Yangu haina salio.

Dada: Haya, hujambo? Karakana inaendeleaje?

Fundi: Nimefunga. Dada, ile karatasi unayo hapo?

Dada: Karatasi ipi?

Fundi: Ya gharama za chuo. Ya uzamili.

Dada: Ipo, kwenye daftari langu la maandalio. Nimeipanga upya, maana juzi niliwapigia wakanipa bei za mwaka huu. Chuo cha serikali, na bado kinauma! Ila ukilinganisha na vile vya watu binafsi—

Fundi: Isome.

Dada: Sasa hivi? Kengele inakaribia kulia.

Fundi: Isome polepole. Nimeweka spika.

Dada: Spika ya nini? Nani anasikiliza?

Fundi: Baba mdogo. Anataka kujua.

Dada: [anacheka] Kumbe! Baba mdogo, shikamoo! Mbona haitikii?

Fundi: Ameitikia kwa kichwa. Soma.

Dada: Haya. Fomu ya maombi, elfu hamsini. Hairudishwi hata wakikukataa.

Fundi: Elfu hamsini. Umesikia, mzee?

[kishindo]

Dada: Nini hicho?

Fundi: Bati limeanguka. Tuko stoo kwake. Endelea.

Dada: Usajili na kitambulisho, laki na ishirini. Bima ya afya, elfu sitini. Ada yenyewe milioni mbili na nusu kwa mwaka, mara mbili—

Fundi: Tano.

Dada: Ndiyo, tano. Halafu—

[kishindo; mtu anaguna]

Dada: Fundi! Nani huyo anaguna?

Fundi: Soma, dada.

Dada: Nani anaguna?

[mkwaruzo wa mtandao]

Fundi: Nilikuja kwa adabu. Nimepiga hodi, nimemwamkia. Nikamwambia, baba mdogo, kile kiinua mgongo cha marehemu baba, ulichokabidhiwa umshikie dada, chuo kinafunga maombi mwezi ujao. Unajua kasema nini? Eti hela zimeisha. Halafu akacheka. Eti mwanamke wa miaka thelathini na nane anakwenda chuo kutafuta nini, mchumba?

Dada: Fundi, toka humo.

Fundi: Na nje kuna pikapu nyeupe, viti bado vina nailoni. Miaka yako miwili hiyo, dada. Imeegeshwa uani.

Dada: Mdogo wangu. Una nini mkononi?

Fundi: Soma hosteli.

Dada: Nimekuuliza, una nini mkononi?

Fundi: Nyundo.

Dada: Hosteli... hosteli hamna. Nimeifuta.

Fundi: Ulisema laki sita.

Dada: Nitakaa kwa mwenzangu mmoja, ana chumba. Bure kabisa.

Fundi: Na utafiti? Ulisema nauli, kwenda huko vijijini—

Dada: Nitaufanyia hapa hapa shuleni. Kwa miguu.

Fundi: Kuchapa tasnifu, kujalidi nakala nne?

Dada: Kuna mtu atanisaidia. Hayo yote madogo, Fundi. Mwache baba mdogo apumzike.

Fundi: Na ada?

Dada: Ada nayo nimefuta. Siendi. Nilikuwa nachezea kalamu tu.

Fundi: Unachezea?

Dada: Nachezea tu, mdogo wangu.

Fundi: Mwaka ule ulipata nafasi, ukaiacha ili mimi nile. Hukusema neno! Leo unafuta tena? Umeona, mzee? Umemsikia? Anafuta! Kila mwaka anafuta—

[kishindo, kishindo, ukelele]

Dada: We! We mtoto! Mimi ndiye niliyekupangusa makamasi! Weka hiyo nyundo chini!

Fundi: Dada, acha nimalize—

Dada: Chini! Niisikie ikigusa sakafu! Nasubiri.

[mlio wa chuma kwenye saruji]

Dada: Anapumua?

Fundi: Sijui.

Dada: Utajuaje umesimama? Inama. Weka simu mdomoni kwake.

[mkoromo hafifu]

Dada: Baba mdogo... [kwa sauti ya chini] Ee Mungu. Kuna damu? Inatoka wapi?

Fundi: Kichwani. Na mkono umekaa vibaya. Dada, mimi sikukusudia kichwa.

Dada: Vua shati ukandamize. Usimtikise. Nani yuko karibu?

Fundi: Wapo nje. Mama mdogo na majirani. Wanagonga mlango tangu zamani, nimetia komeo.

Dada: Fungua.

Fundi: Nikifungua wataniua.

Dada: Usipofungua atakufa yeye.

Fundi: Kwani yeye ametuacha hai?

Dada: Fundi. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Fungua mlango.

[mkwaruzo, hatua, komeo]

Fundi: Nimefungua.

Dada: Kaa chini. Mikono ionekane.

Fundi: Wameingia. Mama mdogo kapiga magoti... anamwita. Dada, amefumbua macho! Wanambeba.

Dada: Alhamdu— asante Mungu. Waambie hospitali, moja kwa moja. Mimi naacha kipindi, nakuja.

Fundi: Wananishika shingo.

Dada: Usirushe mkono! Hata mmoja!

Fundi: Sirushi. Dada, wako wengi—

[simu inaanguka, vishindo, sauti za wanaume]

Dada: Jamani, nyie hapo! Mnanisikia? Msimpige! Nimemlea mimi huyo, amekosa, mpelekeni polisi, msimpige! Mwenye kosa ni mi— Haloo? Haloo?

[salio limekwisha]