Mama Hyasinta na Povu Lililovuka Ukuta

Baada ya miaka kumi na saba ya kupika komoni, pombe ya mahindi na ulezi, hapa Kariakoo, Mama Hyasinta Komba wa Ushirika wa Tupike, Mtaa wa Narung'ombe, anastaafu tarehe 30 Juni 1976. Wanachama wengine watashangaa, maana walikwishampigia makofi ya kumuaga mwaka jana na kitenge cha zawadi akapewa. Ni kweli. Anastaafu kwa mara ya pili. Kamati ilinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilipotakiwa kueleza kwa mdomo niliomba karatasi, basi naeleza hapa, ingawa mengine mpaka leo hayajanikaa sawa kichwani.

Mama Hyasinta alikuja Dar es Salaam kutoka Songea kabla ya Uhuru, wakati kila mwanamke alipopika chungu chake na kuuza mlangoni pake. Ushirika ulipoanza, vyungu vikawa mapipa, na mapipa yakaleta taabu ambayo chungu hakikuwa nayo. Uji wa mahindi ukishatiwa kimea cha ulezi, siku ya pili huumuka, povu likapanda na makapi yake, likasukuma kifuniko na kumwagika uani. Pombe inapotea, nzi wanakuja, na harufu inafika hadi sokoni.

Dawa yake aliitafuta mwenyewe. Kwanza alipaka mafuta ya nazi kwenye mdomo wa pipa kwa ndani, povu likifika hapo livunjike. Halafu akatoboa kifuniko, akachomeka mpira wa kumwagilia maua na kuuzungushia unga uliokandwa, ncha ya pili akaizamisha kwenye ndoo ya maji. Povu likawa linatoka kwa adabu, linagugumia ndooni. Lakini makapi yaliziba ule mpira, na kifuniko kikaruka mpaka juu ya bati la choo. Ndipo alipokwenda kwa mafundi wa magari, mtaa wa Gerezani, akarudi na mpira wa rejeta ya lori, mnene kama mkono. Tangu hapo hakuna kifuniko kilichoruka, ila kulikuwa na sharti moja: uji usipite pete ya juu ya pipa. Povu nalo linataka chumba chake.

Shuleni tulifundishwa kwa Kiingereza habari za ile hewa inayosukuma povu, nami nikaja kujieleza kwa Kiswahili. Lugha zote mbili hazijaniambia kwa nini pipa la kushoto hufura na la kulia, uji ule ule, limelala.

Mwaka jana, Saba Saba ilipokaribia, mapipa mapya hayakupatikana. Mwenyekiti wetu, Ndugu Polycarp, akaleta hoja kwamba nafasi inayoachwa juu ya pipa ni uzalishaji unaopotea, kwa hiyo mapipa yajazwe mpaka mdomoni. Wajumbe wakaombwa kunyoosha mikono. Ikapita bila kupingwa, na Mama Hyasinta naye alinyoosha. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kumwuliza kwa nini.

"Mwanangu," alisema, "mikutano mitatu nimekataa, nikaitwa mrudisha nyuma. Wa nne nikachoka. Nikasema acha povu nalo litoe hoja yake. Nilidhani litaishia kwenye viatu vya Polycarp."

Halikuishia hapo. Siku ya pili, Ijumaa, jua kali, mpira wa rejeta ulizidiwa. Povu likainua vifuniko, likajaa uani, likapita chini ya ukuta hadi kwa jirani yetu Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa ametandika mkeka, na juu yake kanzu ya mumewe, Mzee Seifu, iliyopigwa pasi tayari kwa swala. Mzee alikwenda msikitini na kanzu ya kuazima.

Bi Tatu alivaa baibui aende kwa balozi wa nyumba kumi. Wote tulijua neno lake moja lingetosha kutuondoa mtaa huu, na wanawake wote wanaoishi kwa mapipa haya wangerudi kutafuta pa kuanzia. Mama Hyasinta alimkuta barazani, akapiga hodi, akamwamkia, akasimama.

"Harufu nimeivumilia miaka yote," Bi Tatu akamwambia, "kwa sababu harufu haina miguu. Leo pombe yako imeingia kwangu bila hodi."

Mama Hyasinta aliomba kanzu akaifue. Akanyimwa, kwa kuwa mikono ile ni ya pombe. Akaomba basi aoshe ua. Akachota maji bombani mpaka jua likaegemea, akisugua, na Bi Tatu akimwonyesha pembe alizoruka. Mwisho Bi Tatu akavua baibui, akatoa sharti: hatakwenda kwa balozi maadamu Hyasinta mwenyewe yupo anayatazama mapipa. Akiondoka, na yeye ataondoka kwenda kushtaki.

Kumbe wiki ile, makofi ya kumuaga tukiwa tumekwishayapiga, Mama alikuwa ametundika tikiti ya basi la Songea ukutani. Dada yake alikuwa amemwandalia shamba na chumba. Tikiti ilirudishwa. Kamati ilifuta kimya kimya lile azimio la kujaza mapipa mpaka mdomoni, na hakuna aliyetamka neno pole.

Mwaka mzima Mama amemfundisha Benedikta, msichana atakayeshika mapipa baada yake, naye Benedikta amehangaika kama mimi. Leo anaambiwa funika, kesho anaambiwa fungua. Povu likipanda anaambiwa asiogope, likitulia ghafla ndipo anaambiwa akimbie, mpira umeziba. Mwezi huu Mama aliacha kuingia uani kabisa. Alikaa barazani kwa Bi Tatu, wakichambua mchele, wote wawili wakiutazama ukuta. Upishi ukapita, na mwingine, ukuta mkavu.

Ndipo Bi Tatu aliposema, "Nenda kwenu, Hyasinta. Nimemtazama yule msichana. Ana woga. Mwenye woga hajazi pipa."

Sijui kama hiyo ni sifa. Benedikta alilia, na sijui kama alilia kwa furaha.

Mama Hyasinta, Ushirika unakushukuru, na pole ambayo kamati haikuitamka ichukue hapa. Shamba la Songea likupe mavuno, usingizi uwe mrefu, na jirani awe kama uliyemwacha. Sherehe itaanza saa nane barazani kwa Bi Tatu, kwa chai na kaimati. Benedikta anaomba radhi hatafika. Ni siku ya pili ya mapipa, na amekataa kubanduka.