Bunduki Chini ya Kitanda

Tuktuk ilikuwa imetoka Ishiara ikielekea mgodini. Kando yangu, mama mmoja mwenye bango alimwambia bwana mwenye tai kwamba mtoto wake amepimwa, akapatikana na risasi kwa damu.

"Ni ile sumu ya madini, inatoka kwa mgodi inaingia mtoni," alieleza. "Chifu kusikia watoto wana risasi, akatuletea polisi. Walitafuta bunduki hadi chini ya vitanda."

"Si angalau walikuja?" bwana alisema. Kuna watu hushukuru hata mwizi akibisha hodi.

"Walikuja, mzee. Wakapata kuku ametaga."

"Mama, hizo ni siasa. Mimi nafanya kazi kwa ofisi ya huo mgodi na niko na afya."

"Na chai ya ofisi mnapika na maji ya mto?"

"Hapana, lori hutuletea kutoka Embu," alijibu.

Tuktuk ilisimama getini, mbele ya waandamanaji. Mama akaruka chini, akamkabidhi mwenzake bango. "Ednah! Ongeza kwa bango: lori la maji lipitie na kwetu!"

Bwana hakushuka. Alikuwa akimwuliza dereva kama kuna geti lingine.