Herufi E Niliyomlisha Mume Wangu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Nivumilieni kidogo. Wengi mnanijua kama maman Judith, bibi ya papa Célestin. Leo nataka mnijue kama mtu aliyekaribia kumuua mume wake kwa mapenzi.

Kule Bukavu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka kumi na minne. Nilipofika hapa Bruxelles kumfuata mume wangu, ambaye anasafisha ofisi kule Quartier européen, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, nilijiambia: Kifaransa ninakijua, kusoma ninajua, nani atanidanganya?

Mwaka jana daktari akamwambia papa Célestin kwamba presha yake iko juu, apunguze chumvi. Ndugu zangu, nililichukua neno lile kama amri ya Mungu! Nilitoa chumvi kwenye sufuria. Maharagwe bila chumvi, sombe ya majani ya muhogo bila chumvi. Mume wangu akala akikunja uso, lakini akala.

Lakini presha ikapanda.

Nikafunga siku tatu nikiomba. Ikapanda tena. Kila Jumamosi alipokaa kujipima na kile kimashine cha mkononi, mimi nilijifungia jikoni, nikafungua maji ya bomba ili nisisikie akisoma namba. Nikaanza kuwaza mambo mabaya. Nikamtilia shaka kila aliyetuletea sahani ya chakula. Nisameheni, wengine mko humu kanisani.

Sasa sikieni ujinga wangu ulipokuwa. Dukani, mbele ya pakiti, kuna ile alama ya kukipa chakula maksi, herufi tano zenye rangi, kutoka A mpaka E. Mnaijua. Kwetu mtoto akifanya vizuri kabisa, mwalimu anamwandikia E, yaani Excellent. B ni Bon, yaani nzuri. Na ile A? Nikaona ni Assez bien, vizuri kiasi tu, ya wale wanaojikokota. Mikono yangu hii imeandika E mara ngapi! Basi nikasema, mume wangu ni mgonjwa, apate kilicho bora. Nikamchagulia soseji zenye E, nyama ya kukaushwa yenye E, vibiskuti vya jibini vya kubeba kazini, navyo E. Ile rangi nyekundu nikaona ni kama utepe wa zawadi. Pakiti ya A nikiigusa niliirudisha kwenye rafu. Na kumuuliza mtu? Mwalimu mzima aulize herufi? Niliona haya.

Siku moja, saa nne asubuhi, simu ikalia. Ni mwenzake wa kazi. "Maman, papa ameanguka kwenye ngazi. Ambulance imemubeba."

Sikumbuki nilivyofika hospitali. Nakumbuka korido tu, na mlango uliokuwa ukifunguka na kufungwa bila mtu kuniita. Nilisema, Bwana, ukimchukua, nitabaki na nani katika mji huu?

Hakumchukua! Presha ilikuwa imepanda sana, lakini ubongo haukuguswa, na mfupa haukuvunjika.

Siku ya pili nilimpelekea mfuko wa vyakula vyake. Pale chumbani alikuwepo mama mmoja anayehudumia wagonjwa, mama wa Uvira, jina lake maman Aline. Akachungulia mfukoni, akaubeba mfuko, akanivuta mpaka koridoni.

"Maman, hivi vitu njo anakulaka?"

"Kila siku," nikajibu, na kwa majivuno. "Namnunulia E tupu."

Akatoa pakiti moja mfukoni. "Maman yangu, E ni ya mwisho. A njo ya kwanza. Hii soseji, hii saucisson, imejaa chumvi."

Ndugu zangu, ukuta ndio ulionishika.

Hakunicheka. Aligeuza pakiti, akanionyesha nyuma mstari wa chumvi, akanifundisha kidole kwa kidole. Akasema ile herufi inasaidia kulinganisha vitu vya namna moja, mkate kwa mkate, jibini kwa jibini. Hata A si ruhusa ya kula bila kipimo, na kwa mwenye presha lazima usome chumvi yenyewe.

Nilielewa. Lakini kuelewa hakukunipa amani, kulinipa hofu mpya. Nitamwambiaje? Siku tatu nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa nimefunga mdomo. Naye akinishika mkono: "Judith, bila weye singekuwa hapa." Neno lile lilinichoma kama pasi.

Siku ya nne nikaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba: Bwana, nifungue mdomo. Akaufungua! Nikamweleza yote, E kwa E, nikilia.

Papa Célestin akasogeza mto, akaketi. Kisha akasema:

"Mimi niko Bruxelles miaka kenda. Hizo pakiti nilizifungua mwenyewe, na ile alama nilikuwa naiona. Sikuuliza hata muntu mumoja. Alors, basi, ju ya nini unabeba kosa yote peke yako?"

Pale ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu! Kuanzia siku ile tunakwenda dukani wawili, tunavaa miwani, tunasimama tukisoma mpaka watu wanatuomba njia. Dawa anakunywa. Presha imeshuka, haijafika pale daktari anapopataka. Jumatano anapimwa tena, na sitawaficha, ninaogopa. Lakini sasa ninakaa karibu naye, na namba tunaisoma pamoja.

Namshukuru Mungu aliyenihifadhia mume. Namshukuru maman Aline, ambaye hakunitia aibu. Na wewe uliyekaa hapo na jambo usilolielewa, pakiti, barua, karatasi ya daktari, unaona haya kwa sababu ulikuwa mtu mkubwa kwenu: mtumaini Bwana leo, kisha umuulize jirani yako. Mungu wetu hujibu kwa midomo ya watu pia. Jina lake lihimidiwe!