Picha ya Dativa Ilivyotoka Safi

Baba Paroko, masheikh mliofika, ndugu zetu wa Milola na majirani wa hapa Mchinga, mimi Boniface, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote, hata yale yanayonichefua.

Dativa Klementi alizaliwa Milola tarehe 9 Mei 1974, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka 1988, akajifunza ushonaji Lindi mjini, kisha akaweka cherehani yake hapa Mchinga, ambako wengi wenu mmekwenda shule na sare alizoshona yeye, zenye pindo refu ili zidumu. Tarehe 18 Oktoba 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu Xaveri, wakajaliwa watoto wawili, Salome na Josephat.

Mwezi Februari 2024 aligundulika na saratani ya titi, akapelekwa Dar es Salaam, na huko, akisubiri kupangiwa upasuaji, watu wa utafiti walimwomba akubali kuchomwa sindano yenye chembechembe ndogo kuliko vumbi, ambazo huifuata saratani ilipo na kuionesha kwenye mashine mbili tofauti za picha. Chembechembe hizo hazitibu chochote, lakini wao waliziita dawa tangu mwanzo hadi mwisho, na picha zilipokamilika mtaalamu mmoja akamwambia kwa furaha, "Mama, imetoka safi kabisa." Yeye alisema picha, dada akasikia saratani.

Alirudi akatoa misa ya shukrani, akapika pilau, na alipopigiwa simu aende kufanyiwa upasuaji akamwambia mumewe, "Nikakatwe nini, baba Salome, na imeshatoka?" Kufikia Novemba titi lilikuwa limepasuka, tukamrudisha Dar es Salaam, tukaambiwa tumechelewa, na tulipouliza habari ya ile dawa tukajibiwa kwamba mama mwenyewe hakuelewa. Inatia kinyaa, ndugu zangu, na sitatafuta neno la adabu zaidi ya hilo.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Juni 2025, alfajiri. Tunawashukuru wauguzi wa zahanati waliomsafisha kidonda bila kuziba pua, madaktari waliompunguzia maumivu, mafundi wenzake, na majirani mliokesha nasi. Na wale wa utafiti, waliopiga simu jana, si kutoa pole, bali kuomba ruhusa ya kuionesha picha ile kwenye mkutano wao kwa kuwa imetoka vizuri kuliko zote, familia inawajibu mbele yenu kwamba hapana.

Dada Dativa, sasa pumzika kwa amani.