Bikoni Chini ya Kitanda cha Shangazi Pindo

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyeacha kiyoyozi ukaja kukaa nasi juani. Viongozi mlioongozana naye. Na nyinyi mabwana wa mipango miji, upimaji ardhi na uthamini, ambao leo kwa mara ya kwanza tunawaona mmekaa benchi moja:

KARIBU

Sisi wakazi wa mtaa huu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Vumbi tumelimwagia maji kwa heshima yako, kesho litarudi. Kamati iliandika ukurasa mzima wa kukusifu, lakini kinyozi anayekusomea risala hii ameusahau nyumbani, na hana nia ya kuufuata.

TULIKOTOKA

Mtaa huu haukupangwa na mtu. Alikuja mmoja akajenga, akamwita shemeji yake, shemeji akamwita fundi, fundi akanogewa akabaki. Njia zetu zimepinda kwa sababu zilikuwa zinakwepa majirani. Tulipoambiwa mji unakuja kutupanga, tulipiga vigelegele. Hatukujua kwamba mji unakaa katika ofisi tatu, na kwamba ofisi hizo hazisalimiani.

MAFANIKIO

Tunazo bikoni, yale mawe ya mipaka, nyingi kuliko mabomba ya maji. Zinatufaa sana kwa kunolea visu. Aidha, barabara unayoizindua leo imekwisha kuchorwa, na kwenye karatasi imenyooka, inapendeza kweli.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, hapa tunaomba utusikilize vizuri. Barabara hiyo inapita katikati ya nyumba ya Shangazi Pindo. Ni mjane na ni mshonaji. Wote tunamwita shangazi, maana sare za shule za watoto wetu, na zetu kabla yao, amezishona yeye, mle mle sebuleni.

Mabwana wa mipango walichora wakiwa ofisini, juu ya ramani ya enzi ambazo hapa palikuwa na nyasi tu. Wapima wakaja na mchoro ule, wakakuta nyumba. Badala ya kurudi kuuliza, wakaomba kitanda kisogezwe, wakachimba sakafu, wakapanda bikoni, wakarudisha kitanda. Adabu walikuwa nayo. Hata viatu walivua. Shangazi alipouliza, mkubwa wao akamjibu, "Mama, sisi tunapima tu. Nyumba siyo idara yetu."

Kisha akaja mthamini wa kukadiria fidia. Akanywa maji ya Shangazi kwenye glasi ya Shangazi, akafungua mchoro, akasema, "Kwa mujibu wa ramani, hapa ni barabara. Barabara haina bati, nitaithamini vipi?" Akaandika kwamba hakuna nyumba. Wakati wa kutoka akajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango wa nyumba hiyo ambayo haipo. Tulimpa pole.

Tukaenda ofisini. Mipango wakatutuma kwa wapima, wapima wakatutuma kwa wathamini, wathamini wakaturudisha mipango. Vyumba vyote viko kwenye korido moja, mheshimiwa. Tuliwaomba wafungue tu milango waitane. Wakatuangalia kama tumewatukana.

MAOMBI

Barabara hatuipingi. Tunaitaka, wagonjwa wetu tunawabeba mgongoni mpaka kwenye lami. Tunaomba kuchora, kupima na kuthamini kuwe safari moja: mabwana hawa waje pamoja, na ramani moja ya leo, wabishane mbele yetu. Barabara ikipinda kidogo, hakuna atakayekufa. Ikilazimika kupita pale pale, basi nyumba ihesabiwe kuwa nyumba, na Shangazi alipwe, ahame na cherehani yake kabla ukuta haujaguswa. Hana pa kwenda, na anaogopa. Sisi tunaogopa pamoja naye, na tumekasirika.

HITIMISHO

Ratiba inasema ukishakata utepe, greda lianze kazi. Dereva wa greda amegoma kuliwasha. Anasema ataliwasha kwa sharti moja tu: wewe mwenyewe umwambie Shangazi, macho kwa macho, kwamba nyumba yake haipo. Shangazi ndiye yule aliyesimama mlangoni, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Tunakupisha upite, mheshimiwa.

Mungu akupe afya njema, na akupe moyo wa kuzimaliza hatua hizo chache.

Ni sisi, wakazi wa mtaa huu, tuliopo hapa na tusiokuwepo kwenye ramani.