Waya Yenye Sikutosha ku Prise

Mwaka 2021, nikiwa na myaka makumi tano na ine, nilitoka Beni na bibi yangu na mufuko moja ya bintu bya kazi. Bita ilikaribia Mavivi, kwenye nilikuwa na atelier ya kutengeneza mashini. Mulango nilifunga na kofuli, kama mutu mwenye atarudia kesho.

Bandugu wa shirika, benye tunasali pamoja, munanijua. Nilisoma myaka tatu tu, mpaka troisième primaire, kule Kasugho, na sikuombaka mutu anifundishe. Nilifungua radio mwenyewe, kisha télé, kisha ordinateur, ni kusema kompyuta. Mashini yenye ilikufa ilifufuka mu mikono yangu. Hapana kujisifu. Ao tuseme ninajisifu, Mungu ananijua.

Hapa Butembo, bureau moja ilitafuta mutu wa kuangalia ba-ordinateur yao. Mais balitaka brevet ya technicien. Bila ile karatasi, kazi hakuna. Bila kazi, ni kurudia ku shamba Kasugho, kwenye batu balikuwa banakimbia bita na magodoro ku kichwa. Donc nilienda ku examen ya kupata ile brevet, kifua mbele.

Kwanza karatasi. Banachora bipande bya mashini, weye unaandika majina. Bile bipande byote ninabijua na mikono, mais majina! Ile barrette ya mémoire, kipande yenye mashini inakumbukia, mi nilikuwa naiita lulimi, juu inalala mule kama lulimi mu kinywa. Nikaandika "lulimi".

Kisha mikono. Bananipa mashini yenye inawaka lakini écran, kioo yake, inabaki nyeusi. Nikasema: "Ni barrette iko na buchafu." Nilisema kweli! Nikafungua, nikaivuta. Moshi ikapanda.

Waya ilikuwa ingali ku prise ya ukuta, umeme inapita ndani.

Ninyi benye mulikaa Beni mutanielewa. Courant, umeme yetu, inakuja, inaenda. Siku inakuja, hautoshe waya, hauna wakati ya kuichomoa. Unafanya mbio mbele ikukimbie. Myaka makumi mbili nilifanya vile.

Mwenye kusimamia examen alikuwa binti, umri ya mutoto yangu wa pili. Akasema pole pole: "Papa, kitu ya kwanza unatosha mbele ya kugusa ndani, ni nini?"

Nikamujibu: "Weye utanifundisha mimi? Nilianza hii kazi mama yako angali hajaolewa!"

Batu bakacheka. Mutu moja nyuma akasema: "Muzee anachoma nyama!" Nikatoka, hata tournevis, bisibisi yangu, nikaacha.

Kutoka pale nilianguka kabisa. Nilibeba mifuko ya biazi ku soko, na feza ya ile kazi nilikunywa yote mu kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kwa nyumba nilikuwa natukana ule binti kila siku, mpaka siku moja bibi yangu akaweka sufuria chini.

"Alikudanganya?"

"Nani?"

"Ule binti. Ile kitu alisema, ilikuwa bongo, ya uongo?"

"Hapana."

"Sasa unamukasirikia nini? Na bile bidole byako bibili bya kufa, Papa? Unaambiaka batu ni panga ilikukata. Mi nilikuwa pale, ku Mavivi. Ni mi nilikuvuta na fimbo ya fagio."

Bandugu yangu, ninawaambia mbele ya Mungu: hii bidole, hii ya mukono wa kushoto, haisikie moto wala baridi. Na hapana panga. Ni courant. Ilinipiga, nikasema bongo, na kesho yake nikaacha tena waya ku prise. Kiburi yangu ilikuwa imeshaanza kuniua, na mi nilikuwa naiita ufundi.

Nikaenda kwa ule binti. Nilisimama ku mulango kama mutoto wa catéchisme. Nikasema: "Mama, nilikosa. Nifundishe."

Akanitolea tournevis yangu. Aliichunga. "Papa, nilijua utakuja kuitafuta. Hakuna mutu anaachaka tournevis muzuri hivi."

Tukaanza. Majina niliandika na makala ku mbao ya jikoni: carte mère, alimentation, disque dur. Bibi yangu alikuwa anapika na kuniuliza. Kama sikujibu, chakula ilingoja.

Examen ya pili, nilitosha waya. Nikabonyeza bouton ili courant yenye ilibakia itoke. Nikagusa chuma ya mashini, juu mwili yangu pia iachie courant. Nikaweka mikono ku magoti.

Binti akasema: "Papa, unangoja nini?"

"Ninaiacha ikufe muzuri, mama."

Hakucheka. Aliandika tu.

Asante kwa ule binti, mwenye sikumutaja jina juu ana haya. Asante kwa bibi yangu na fagio yake. Ninyi benye kujifundisha peke yenu, mukubali mutu aangalie mikono yenu, hata kama ni mutoto.

Leo niko na chumba ya mbao ya kutengenezea mashini, na meza mbili. Multimètre moja ya kupima courant. Tournevis tatu zenye zilitoka Beni. Funguo ya kofuli ya Mavivi. Brevet ku ukuta. Na bidole kumi: munane inasikia, mbili hapana, na sasa munajua juu ya nini.