Saa Sita za Mlimani: Maisha ya Mama Yetu, Fundi wa Vipimo

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mama, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenituma niwasomee alivyoishi, na yeye mwenyewe, alipokuwa bado na nguvu za kugombana, aliniwekea sharti moja tu, kwamba nisimpambe.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ufundi, fani ya umeme, alikohitimu Novemba 1981 akiwa msichana peke yake darasani, jambo ambalo wenzake walilifanyia utani mwezi wa kwanza na kuliacha mwezi wa pili, matokeo ya mtihani yalipobandikwa ukutani.

Tarehe 2 Februari 1983 aliajiriwa na idara ya hali ya hewa kuwa fundi wa vipimo, na tarehe 17 Desemba mwaka huohuo akafunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani aliyemshonea sare ya kazi akakosea mikono mara tatu, kila mara akimwomba arudi apimwe upya, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1985, na wadogo zangu wawili wa kiume, 1988 na 1991.

Idara ilipopata kisanduku chake cha kwanza cha kunasa data, kitu chenye ukubwa wa mkate, kinachokaa peke yake mlimani miezi na miezi kikiandika joto, unyevu, upepo na mvua kila baada ya dakika kumi, mama ndiye aliyekipandisha hadi kileleni, mwendo wa siku mbili kwa miguu, akakifunga tarehe 9 Juni 1994. Ilipofika zamu ya kuweka saa, alimuuliza dereva aliyefuatana naye ni saa ngapi, dereva akajibu, "Nane na nusu, dada, na njaa inaniuma," mama naye akaandika 08:30, ilhali mashine huanza kuhesabu usiku wa manane, na ilipaswa kuandikiwa 14:30.

Januari 1995 data ililetwa ofisini, ikaonyesha kwamba joto la kilele kile hupanda kuliko wakati wote saa mbili asubuhi, mkurugenzi wake akafurahi kupita kiasi, akaandika mada ndefu kuhusu pepo za joto za asubuhi, akaalika wataalamu kutoka kila upande. Siku nne kabla ya mkutano, mama alifungua daftari lake la safari, akakuta mwandiko wake mwenyewe: tumemaliza kufunga, saa nane na nusu mchana.

Wakati huo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo kuwa fundi mkuu, kwa hiyo baba alimwambia, "Mama watoto, nyamaza, nani atapanda huko kuliuliza jua?" lakini asubuhi yake mama alikwenda kwa mkurugenzi, akasema, "Mzee, mlima hauna ajabu yoyote, saa niliikosea mimi," akajibiwa, "Kadi zimeshatoka, binti yangu, tutarekebisha baadaye." Mama alikuwa ameifanyia kazi serikali miaka kumi na miwili, aliijua hiyo "baadaye" ya ofisini, kwamba haifiki. Tarehe 21 Machi 1995, mkurugenzi alipomaliza kusoma na kuomba maswali, mama alisimama nyuma ya ukumbi, akasema, "Samahani, mashine niliifunga mimi, kila mstari uongezewe saa sita, vipimo vyenyewe ni vizima," ukumbi ukacheka, pepo za asubuhi zikafia palepale.

Cheo alikikosa, akakingoja miaka tisa, akapewa jina la Bi Saa Sita, akawa analiitikia bila kununa, ila siku ile ya mkutano, jioni, alilia jikoni, akasingizia vitunguu, na hatukuwa na vitunguu. Data ile ya miezi saba, ikiwa imesahihishwa, ndiyo mwanzo wa rekodi ya miaka ishirini na tisa inayoonyesha jinsi baridi ya kilele kile inavyopungua, na hadi anastaafu tarehe 14 Machi 2021 alikuwa amefunga vituo kumi na vinne, na kufundisha mafundi ambao nawaona hapa wamejaa viti vya pembeni.

Mei 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa kwa mwaka mmoja na miezi mitano, akafariki dunia Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake kuhusu kila mashine ya wodini, majirani waliompikia baba, wafanyakazi wenzake, na mkurugenzi wake mstaafu, aliyekuja kila Jumamosi kubishana naye kuhusu mvua. Juzi nilimpelekea maandishi haya ili, akipenda, nifute habari za mkutano, akayasoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia, akasema, "Usifute hata mstari, ila umeandika mkurugenzi, kana kwamba hatujuani, waambie ni mimi." Ni yeye, yule aliyekaa mstari wa mbele, karibu na jeneza.

Mama, kazi yako imekaguliwa, haina doa, sasa pumzika kwa amani.